Salamu za Kisu

Katika kiwanda kile cha madaftari, mkataji hakuanza kazi kabla ya kukisalimu kisu. Haikuwa amri ya mwajiri, wala hukuikuta imebandikwa ukutani. Ilikuwa desturi ya wakataji wenyewe, anayeondoka akimrithisha anayekuja. Asubuhi, mashine ikishawashwa, mkataji huchukua kipande cha boksi chenye upana wa vidole viwili, akakanyaga pedali, na kisu kinapoanza kushuka akakipitisha kile kipande chini yake. Mbele ya kisu kuna mwale wa taa. Chochote kinachoukatiza mwale huo, kiwe boksi au kiwe mkono wa mtu, kisu lazima kigande pale pale hewani. Kikiganda, boksi linatoka zima, na mkataji anasema, "Tumeonana," kisha anapanga karatasi zake.

Aliyekata karatasi pale kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, mwenye maneno machache na macho makali. Alikuwa mama mdogo wa fundi wa kompyuta wa kiwanda, na hadithi hii ni ya fundi huyo, ingawa yeye angependa sana iwe ya mtu mwingine.

Wenzake walimwita Profesa. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka saba, na mama mdogo akamchukua, akamlea, akamsomesha kwa mikono ile ile iliyoshinda ikinyoosha karatasi. Alipomaliza chuo, mama mdogo ndiye aliyekwenda kwa meneja kumwombea nafasi. Na shukrani yake ilikuwa nini? Siku ya kwanza kazini, Profesa alimvuta pembeni akamwomba asimwite "mwanangu" mbele ya watu, wasije wakasema kaingia kwa kubebwa. Mama mdogo akasema sawa. Tangu hapo, kuanzia geti la kiwanda mpaka kurudi getini, alimwita fundi kama wengine wote.

Mashine ya kukatia ilikuwa ya zamani, na mwaka huo kasha lililoongoza kisu liliungua. Waliolitengeneza walikwisha kufunga biashara. Kipuri hakikupatikana popote. Profesa akatengeneza kasha lake mwenyewe, kwa kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja. Aliipa kazi moja tu: kuutazama mwale, na ukikatika kukishika kisu. Haikuwa na kitu kingine kichwani. Ilikuwa kama mlinzi asiye na simu, na kisu kiliganda hata kabla hujakitarajia. Mama mdogo alikisalimu siku ya kwanza, akaligeuza boksi lake huku na huku, akasema hata enzi za kasha la zamani kisu hakikuwa na adabu kiasi hiki.

Sifa zikamiminika. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Profesa hakuwa mgema wa kwanza. Meneja alimwita ofisini, akamwambia kwamba angependa kuona mezani kwake idadi ya rimu zinazokatwa kila saa, na michoro ya rangi rangi ya kuwaonyesha wageni. Profesa akajibu kuwa ni jambo dogo, ampe wiki moja tu.

Hapa ndipo penye kosa, na ni kosa la mtu aliyesoma. Asiyesoma asingeweza kulifanya. Ndani ya kila kompyuta kuna mfumo endeshi, nao ni kama msimamizi wa zamu: huamua programu ipi ifanye kazi sasa na ipi isubiri. Wasimamizi hawa wako wa namna mbili. Wa kwanza hugawa wakati. Wewe kidogo, yule kidogo, kisha wewe tena, haraka haraka mpaka kila mmoja anadhani kompyuta ni yake peke yake. Kwa kazi za ofisini huwezi kupata msimamizi mwema kuliko huyo. Wa pili hana habari na haki wala zamu. Yeye anatazama saa. Kuna mmoja ambaye yeye amemwahidi kwamba akiita ataitikiwa kabla ya muda fulani kupita, na huyo akiita, wengine wote huwekwa kando wakanuna. Nyumba ya watu wanane yenye bafu moja inaweza kuishi kwa zamu na maisha yakaenda. Lakini mtu nguo ikimshika moto, humwambii asubiri aliyemo ndani amalize kujisugua.

Kisu kilihitaji msimamizi wa namna ya pili, na kilikuwa naye. Profesa alimwondoa. Aliweka mfumo wa kawaida wa kugawana wakati, kwa sababu ndio uliojua kuchora michoro, kisha akazipanga humo programu mbili, ya kisu na ya meneja, zipokezane. Angeweza kuweka kompyuta ya pili kwa ajili ya michoro. Ingekuwa kazi ya siku mbili zaidi, lakini alikwisha kusema wiki moja. Na hakuwa mjinga wa jambo hilo, hapo ndipo panapouma. Chuoni aliwahi kuandika kwenye mtihani kwamba, kwa mashine ya namna hiyo, jibu sahihi likichelewa ni jibu lililokosewa, na mwalimu akampigia mstari chini kwa kalamu nyekundu kumsifu.

Alijaribu mfumo mpya siku ya mapumziko, kiwanda kitupu, meneja nyumbani kwake. Alikisalimu kisu mara mia mbili, na mara zote mia mbili kiliganda. Alikuwa amepima foleni ya bafu siku ambayo wenye nyumba wote wamesafiri.

Wiki ya tatu, mama mdogo alimfuata kwenye kichumba chake akamwambia kwamba kisu kinasita. Profesa, macho kwenye skrini, akasema ataangalia. Hakuangalia. Wiki iliyofuata alimfuata tena, safari hii kantini, saa ya chai, watu wa zamu ya asubuhi wakiwa wamejaa mezani.

"Fundi," alisema, amesimama na mkono mmoja mfukoni mwa aproni, "kile kisu siku nyingine kinafikiri kwanza ndiyo kinaganda. Zamani hakikuwa kinafikiri."

Profesa aliona watu wanamtazama. Akaweka kikombe chini, akamweleza kwa sauti ya kufundishia kwamba kompyuta ile inahesabu mara milioni kabla yeye hajapepesa jicho, kwa hiyo kinachochelewa huenda si kisu.

"Labda ni macho, mama," alimalizia. "Miaka kumi na tisa si mchezo. Tukutafutie miwani?"

Meza nzima ikaangua kicheko, na Profesa akacheka nao. Mama mdogo alisimama kidogo, mkono bado mfukoni, akasema haya, akarudi kwenye mashine yake.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wahenga hawakuingia kiwandani. Hapa asiyesikia alibaki mzima, na aliyeumia ni mkuu mwenyewe.

Ilikuwa saa nne asubuhi, wiki chache baada ya siku ile ya kantini. Meneja alikuwa na wageni ofisini, akawafungulia michoro ya tangu siku ya kwanza, yote kwa pamoja, na ile kompyuta ndogo ikainama kuchora. Chini, mama mdogo alikwisha kukanyaga pedali alipoona karatasi moja ya juu imekaa upande. Akafanya alichofanya miaka kumi na tisa: akapeleka mkono kuinyoosha. Mwale ukakatika. Programu ya kisu ikaamka, ikakuta zamu si yake, ikangoja. Ilipopata zamu ikakigandisha kisu vizuri kabisa, kama ilivyofundishwa. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia zilikuwa zimekwisha kwenda.

Profesa alisikia ukelele, akatoka mbio. Alimwona amekalishwa sakafuni, mkono umefungwa aproni, damu imetapakaa kwenye majalada ya bluu. Watu walikuwa wanaita gari. Na hapa, msomaji, ningeweza kumfichia aibu yake, lakini aliificha mwenyewe vya kutosha. Hakumkimbilia mama mdogo. Aligeuka akaingia kichumbani, akafungua kumbukumbu za kompyuta, akausoma mstari wa dakika ile: kisu kilichelewa kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Akaufuta ule mstari. Akaiondoa na programu ya meneja, ili kisu kibaki peke yake. Kisha ndipo alipokwenda hospitali.

Huko alimkuta meneja amesimama mlangoni. Muuguzi alitoka nyuma ya pazia na karatasi zake, akamtazama kijana yule anayetweta, akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa.

Profesa alimtazama meneja. "Wa kazini tu," alisema.

Pazia lilikuwa la kitambaa chepesi. Nyuma yake mtu alikohoa kidogo.

Jumatatu alikuja mkaguzi wa usalama kazini, mama mfupi mwenye daftari kubwa na tabia ya kurudia majibu ya watu polepole anapoyaandika. Meneja alieleza kwamba mashine ni nzima na fundi wake ni msomi. Profesa aliulizwa kama mashine ilipimwa, akasema ilipimwa, mara mia mbili. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kisha mkaguzi alisoma maelezo aliyoyachukua hospitali kwa mkataji mwenyewe: "Nilipitiwa. Mkono ulitangulia akili. Mashine haina kosa." Meneja akashusha pumzi. Ikasemwa kwamba Ijumaa watakutana wote kufunga shauri. Mkataji ataondolewa kazini kwa uzembe wake mwenyewe, na mkataji mpya ataanza Jumatatu inayofuata. Walipokuwa wanatoka, meneja alimshika Profesa begani akamwomba amrudishie michoro yake kabla ya siku hiyo.

Siku tatu Profesa hakula akashiba. Alijiambia kwamba amekwisha kuitengeneza mashine, basi yameisha. Alijiambia kwamba mama mdogo mwenyewe kasema kapitiwa, na nani anajua zaidi yake? Kila alipofika kwenye swali hilo aliona aibu mpaka masikio yakamchoma, maana jibu alikuwa nalo.

Alhamisi mchana alikwenda nyumbani kwa mama mdogo, nyumba ile ile aliyokulia, yenye kitanda kimoja chumbani na kabati lenye mlango usiofunga. Mama mdogo alikuwa ameketi, mkono kwenye bandeji umewekwa juu ya mto. Akamkaribisha, akamuuliza kama amekula. Kabla Profesa hajajibu, akamwambia apande kiti ashushe mkebe ulioko juu ya kabati.

Ndani ya mkebe kulikuwa na vipande vya boksi. Kila kimoja kilikuwa na tarehe, na kila kimoja kilikuwa na mkato pembeni, vingine mdogo kama kucha, vingine umeingia hadi katikati.

"Kumi na moja," alisema mama mdogo. "Vizima nilikuwa natupa. Hivi ni vya siku kisu kilipochelewa kunijibu."

Profesa alivigeuza geuza.

"Siku ile ya kantini vilikuwa vinne. Nilikuwa navyo mfukoni, nilitaka nikuonyeshe. Basi ukanitafutia miwani."

"Mama mdogo..."

"Na hiyo asubuhi kilinisalimu vizuri tu, nikakiamini. Mkono nao una mazoea yake."

Profesa alimuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakumwonyesha mkaguzi. Mama mdogo alimtazama kama alivyomtazama zamani akirudi shule bila viatu.

"Angeniuliza nani aliitengeneza. Mimi hapa vidole vinane vizima vimebaki, vinanitosha kufulia. Wewe ukifukuzwa kwa hili, nani atakuajiri tena?" Akauweka sawa mkono wake juu ya mto. "Kavichome. Halafu uje ule."

Alitoka nao mkebe. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo la taka, na ndani yake majani makavu. Profesa aliwasha kiberiti. Nasema aliwasha, kwa sababu kuna wakati mtu hupewa nafasi ya kujificha, akaikubali, na hapo hapo akajiumbua mwenyewe. Kipande cha kwanza kiliungua haraka. Alipochukua cha pili aliona nyuma yake pana maandishi ya kalamu ya risasi, yale maandishi ya mama mdogo yaliyolala upande, yaliyokuwa yakimwandikia jina kwenye madaftari ya shule. Tarehe ilikuwa ya siku moja baada ya kantini. Yalisema: "Mwambie fundi tena. Taratibu, asione aibu mbele ya wenzake."

Hata pale, peke yake na kalamu yake, hakuandika mwanangu. Aliandika fundi, kama alivyoombwa.

Profesa alikaa chini kwenye vumbi. Alilia kwa muda, kilio kibaya cha mtu mzima kisicho na sauti, na moto ukazimika wenyewe.

Ijumaa saa nne walikutana ofisini kwa meneja. Walikuwapo mkaguzi, msimamizi wa zamu na wafanyakazi watatu, wote wa meza ile ya kantini. Mkataji mpya naye aliitwa ili asikie, dada mmoja aliyekaa karibu na mlango amepakata mikono yake miwili mizima. Mama mdogo aliwekewa kiti karibu na dirisha. Mkaguzi alifungua daftari, akauliza kama yuko mwenye neno kabla hajafunga.

Profesa alisimama. Alipiga moyo konde, akaweka mkebe mezani, akaufungua. Mama mdogo alipouona mkebe alifumba macho.

Alisema yote. Jinsi kisu kilivyokuwa na msimamizi wake, jinsi alivyomwondoa, jinsi michoro na kisu vilivyopangwa kungojeana zamu. Meneja alimkatiza kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu mno. Mkaguzi akainua kalamu bila kumtazama, naye akanyamaza. Profesa alisema kuhusu mstari alioufuta. Alisema pia kwamba vipande vilikuwa kumi na moja na mezani viko kumi, kwa kuwa kimoja alikichoma jana yake kwa mkono wake. Kila neno lilipotoka alidhani sasa atapumua, na badala yake lililofuata lilikuwa zito zaidi.

"Kabla ya ajali," aliuliza mkaguzi, "kuna mtu aliyekuambia kwamba kisu kinachelewa?"

"Aliniambia yeye. Mara mbili."

"Nawe ulifanya nini?"

Profesa aliwatazama wale watatu wa kantini. Walikuwa wanaangalia viatu vyao.

"Nilimcheka," alisema.

"Nilimcheka," alirudia mkaguzi, akiandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, na chumba kizima kilisikia kalamu ikimaliza neno lile. Akageuza ukurasa. "Una uhusiano gani na aliyeumia?"

Kabla Profesa hajafungua kinywa, sauti ilitoka dirishani, tulivu, haina hasira hata chembe.

"Andika wa kazini tu," alisema mama mdogo.

Kumbe alisikia. Profesa alihisi uso unamvimba kwa aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi, kama kawaida yake, haikufanya lolote. Ilimbidi abaki pale pale, ajibu mwenyewe.

"Ni mama yangu mdogo," alisema. "Amenilea tangu nina miaka saba. Kazi hii aliniombea yeye. Hospitali niliulizwa nikamkana, naye alikuwa nyuma ya pazia."

Mkaguzi aliandika. Aliuliza kama hilo la hospitali nalo analitaka kwenye ripoti. Profesa akasema ndiyo. Kisha mkaguzi alifuta kwa mstari mmoja mrefu maneno ya uzembe wa mkataji, akaiandikia mashine isiguswe, akamwambia Profesa akabidhi funguo za kichumba chake mpaka atakapoitwa, kama ataitwa. Dada wa mlangoni aliificha mikono yake chini ya mtandio.

Mama mdogo alinyanyuka, akaja mezani. Kwa mkono wa kushoto alianza kuvipanga vile vipande kwa tarehe, kingo kwa kingo, akivigonga gonga mezani vikae sawa, kama alivyozoea kupanga rimu. Alipofika mahali penye kile kilichoungua aliacha nafasi.

"Umechelewa, mwanangu," alisema, mbele ya watu wote.